Maana ya Neno "Curiosity"





Mtoto mmoja wa darasa la sita alinijia na ripoti yake ya shule. Mwalimu wake alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba ana "curiosity" nyingi. Baba yake alilifahamu neno hilo kuwa ni upekuzi, akamkaripia. Mtoto akaniuliza: "Mzee, nimekosa adabu?"

Basi inatupasa tulielewe neno hilo. Asili yake ni neno la Kilatini "cura", yaani kujali au uangalizi. Katika mazungumzo ya kila siku Waingereza hulitumia kwa maana tatu. Kwanza, hamu ya kutaka kujua. Pili, tabia ya kuchungulia mambo ya wengine. Tatu, kitu adimu cha kutazamwa. Kwa maana hiyo Charles Dickens alilitumia katika jina la riwaya yake ya mwaka 1840 na 1841 inayotaja duka la vitu vya kale.

Kwa maana ya pili wanayo methali ya kuonya, kwamba "curiosity" ilimwua paka. Lakini kwa maana ya kwanza neno hilo ni sifa. Chombo cha Marekani kilichotua katika sayari ya Mirihi mwezi wa Agosti 2012 kinaitwa Curiosity, na aliyependekeza jina hilo alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita.

Je, tofauti iko wapi? Haiko katika kuuliza, bali katika kinachotafutwa. Anayeuliza kwa nini bahari hujaa na kupwa anatafuta elimu. Anayeuliza kwa nini jirani amechelewa kurudi usiku anatafuta aibu ya mwenziwe. Na kupelelezana kwa namna hiyo kumekatazwa katika Sura Al-Hujurat.

Nilimweleza baba yule hayo yote. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe, akasema: "Nisamehe, mwanangu. Endelea kuuliza."

Ndugu zangu, wahenga walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtoto anayekaripiwa kila anapouliza haachi udadisi, bali huupeleka mafichoni. Basi tuyapokee maswali ya watoto wetu kwa upole, na tuyafunge macho yetu yanapoelekea kwenye siri za majirani.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu. Amin.