Gugu Karoti: Tung'oe Kabla Halijachanua



Nimeombwa nizungumzie gugu karoti, ambalo wataalamu hulitambua kama Parthenium hysterophorus. Ni la ukoo mmoja na alizeti na mashona nguo, ila undugu wao unaishia kwenye ua. Alizeti tunaikamua mafuta, na majani machanga ya mashona nguo wengi wetu tumekula kama mboga. Gugu karoti halifai mezani wala zizini. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. India liliripotiwa miaka ya 1950, Ethiopia miaka ya 1980, na hapa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010.

Hoja yangu ni moja: tunapambana na gugu hili kwa fyekeo, na fyekeo halilimalizi.

Tulitazame linavyoishi. Mvua zikianza, mbegu huota upesi. Mche mchanga hutandaza majani yake chini kwa duara, nayo yamechanika kama ya karoti, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika wakaliacha. Udongo ukiwa na unyevu, mche huo unang'oka na mzizi wake bila taabu. Baada ya wiki chache tu shina hupanda, lina vinyweleo na mifereji ya kwenda juu, kisha vinatoka vijiua vyeupe vidogo sana. Mmea mmoja uliostawi unaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, na zile zinazofukiwa ardhini hubaki hai kwa miaka kadhaa.

Sasa angalieni tunachofanya kando ya barabara. Tunasubiri majani yawe marefu na maua yawe meupe ndipo tunatuma vijana wakafyeke. Kisiki kinachobaki huchipua upya na kuchanua tena kikiwa kifupi zaidi. Mbegu zilizokomaa zinadondoka palepale, nyingine zinaondoka na tope la viatu na magurudumu. Vijana wenyewe wamekata mmea wenye chavua nyingi wakiwa vifua wazi. Nalisema hili kwa uchungu, maana gugu hili lina sumu iitwayo parthenini. Kwa baadhi ya watu kuligusa mara kwa mara huleta muwasho na vidonda vya ngozi, na chavua yake huamsha mafua na pumu.

Wafugaji, ng'ombe mwenye malisho mazuri hulikwepa, lakini ukame ukibana hulila. Maziwa huwa machungu, na likizidi kwenye chakula chake linaweza kumuua. Shambani hali si nafuu. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Ethiopia ulionyesha kwamba mtama ulioachwa na gugu hili msimu mzima ulipoteza kati ya asilimia 40 na 97 ya mavuno. Kwa kaya inayotegemea ekari moja, hiyo ni njaa.

India ilianza mwaka 1984 kuachia mbawakavu kutoka Mexico anayekula majani ya gugu hili, na amesaidia sehemu nyingine. Kazi hiyo ni ya watafiti wa serikali. Mwananchi asikamate mdudu yeyote akamhamisha, wala asikae akimsubiri.

Ya kwetu ni haya. Wiki za mwanzo za mvua, kabla ua halijatoka, tung'oe pamoja na mzizi, tukiwa na glavu, barakoa na nguo za mikono mirefu. Mwenye pumu au ngozi inayowasha asipangiwe kazi hii kabisa. Yaliyokwisha kuchanua yakusanywe palepale, yakauke, yachomwe, watu wakikaa mbali na moshi. Yasisafirishwe. Mchanga, samadi na nyasi kavu vikaguliwe kabla ya kupakiwa. Na palipong'olewa paoteshwe nyasi za malisho, kwa kuwa gugu karoti hushamiri zaidi kwenye ardhi tupu iliyochungwa kupita kiasi.

Watendaji wa kata na vijiji mliomo humu, nawaomba kwenye mikataba ya usafi wa barabara muandike kung'oa badala ya kufyeka, na muda wa kazi upangwe kwa kufuata mvua. Hilo linaweza kuanza msimu huu.