Malipo ya Ukame ni Haki, Si Hisani



Nimeombwa kuzungumza juu ya fedha ambazo serikali huwalipa wafugaji nyakati za ukame. Nitatoa mfano wa Kaunti ya Marsabit, iliyokuwa miongoni mwa sehemu zilizokosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwaka 2020. Nchini mwetu ukame ule uliangamiza mifugo zaidi ya milioni 2.5.

Huko Marsabit ndiko ilikoanza kujaribiwa, mwaka 2010, bima ya mifugo inayotegemea kipimo cha malisho. Mwaka 2015 serikali iliianzisha Wajir na Turkana, ikiwalipia ada wafugaji maskini: kila kaya kwa kiasi cha ng'ombe watano, au mbuzi hamsini. Setilaiti hupima ukijani wa malisho; ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutolewa. Hakuna anayehesabu mizoga, wala anayeuliza mfugaji alimpigia nani kura.

Nia ya mpango huo ilikuwa njema: fedha zifike mifugo ingali hai, ili mwenyewe anunue majani, maji na dawa. Kwa hiyo malipo yanayochelewa hupoteza maana yake yote. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Na kwa mfugaji, utakuta boma tupu.

Vilevile upo mpango wa kuzilipa fedha taslimu kaya maskini za kaskazini. Tangu mwaka 2016 kiwango chake kilikuwa shilingi 5,400 kila miezi miwili, na ukame ukizidi kaya nyingine ziliongezwa kwa muda. Hapa ndipo pa kukesha. Setilaiti haina upendeleo, lakini haiandiki majina. Majina huandikwa na binadamu, na binadamu ana ndugu, ana ukoo, ana chama.

Wapendwa, jambo hili si geni kwa Kanisa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, baadhi ya wajane walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaita wanung'unikaji wachochezi. Walikusanya watu wote, wakachaguliwa saba wenye sifa njema kusimamia ugavi.

Na sheria yetu iko upande wa aliyesahauliwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya mwaka 2016 inamtaka afisa ajibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Akikataa, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Basi nawasihi: kila parokia ichague watu wawili waaminifu. Waandike barua, waulize kaya ngapi za kata yao zimeandikishwa, kwa kipimo gani, na fedha zilitoka lini. Waombe orodha isomwe barazani, mbele ya wote, ili aliyeachwa aseme na aliyeandikwa kwa hila aonekane.

Mwenye haki haombi kwa magoti. Anauliza akiwa amesimama.