Gwanda la Askari na Kumbukumbu Zetu
(Hotuba ya Kamati ya Jamii katika Siku ya Wakimbizi, Kampala)



Tumeombwa tueleze suala lililotushughulisha sana vikaoni: katika maonyesho yetu ya kumbukumbu, tuweke gwanda la askari au tusiweke? Wapo wanaosema vita haviwezi kuelezwa bila gwanda. Wapo wasiotaka kulitia machoni tena. Wote tumewasikiliza.

Tunalisema hili katika mji unaoyajua magwanda. Vita vya msituni vya Uganda vilianza tarehe 6 Februari 1981, Yoweri Museveni na wenzake wachache waliposhambulia kambi ya jeshi ya Kabamba. Kwa miaka mitano wananchi wa Luwero waliiogopa nguo kabla hawajauona uso wa aliyeivaa. Tarehe 26 Januari 1986 wapiganaji wa NRA waliiteka Kampala. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliobeba bunduki, magwanda yakiwapwaya. Wakaitwa kadogo, neno la Kiswahili hikihiki tunachozungumza.

Ndugu zetu, gwanda likitunzwa husema mengi. Kimo chake chaweza kudokeza kama aliyevaa alikuwa mtu mzima au mtoto. Viraka vinatuambia alikaa nalo muda gani. Lakini haliwezi kutuambia lilibisha hodi katika nyumba ya nani.

Lipo pia jambo linalotuhusu sisi wakimbizi. Katika kundi la Kabamba walikuwamo Fred Rwigyema na Paul Kagame, waliokulia Uganda katika familia za wakimbizi wa Kinyarwanda. Mwaka 1982, vita vikiendelea, maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa kusini-magharibi mwa nchi hii, na vijana wengi wakaingia msituni. Tarehe 1 Oktoba 1990 wengi wao walivuka mpaka wa Kagitumba kuingia Rwanda wakiwa na sare za jeshi la Uganda, wakang'oa alama zake. Siku ya pili Rwigyema akauawa. Hatusemi haya kumsifu wala kumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba nguo ileile ilikuwa kimbilio la kijana aliyekosa nchi, na ikawa mwanzo wa vita vilivyozaa wakimbizi wengine.

Basi maoni ya Kamati ni haya.

Kwanza, gwanda lisikae kambini. Sheria ya Uganda inamkataza raia kuwa na sare ya jeshi bila ruhusa. Mkataba wa Wakimbizi wa OAU wa mwaka 1969 nao unazitaka nchi ziwazuie wakimbizi kushambulia nchi nyingine mwanachama, kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Kambi ni mahali pa raia. Tena, mtoto akiliona limetundikwa ukutani atadhani ndiyo heshima kuu ya mwanamume. Hatutaki kulea kadogo wengine.

Pili, gwanda lisichomwe ovyo. Mwenye nalo amweleze mwenyekiti, likabidhiwe serikalini kwa utaratibu. Mahali pa kulihifadhi ni jumba la makumbusho, kama lile la Taifa lililopo Kitante hapa Kampala, ambako lipo salama na nondo na unyevu.

Tatu, lisionyeshwe peke yake. Liandikiwe lilivaliwa wapi na mwaka gani. Kando yake iwekwe nguo ya raia: kitenge kilichombeba mtoto njiani, sare ya shule ya mwanafunzi ambaye hakumaliza darasa. Nguo hizi ni adimu kwa sababu moja tu: sisi raia tulizivaa mpaka zikaisha.

Hivyo tunawaomba, kila nyumba iliyobakiwa na kitu cha namna hiyo, ikilete kwa katibu wa Kamati. Asiye na kitu alete maneno, nasi tutayaandika kwa lugha yake. Wafanyakazi wa mashirika tunawaomba daftari, masanduku yasiyopitisha maji, na subira ya kusikiliza.

Askari wametunziwa magwanda yao. Na sisi tutunze yetu, ili watoto wetu wajue ni nani waliokuwa upande wa pili wa bunduki.