Mafuta ya Ardhini: Maneno kwa Wenye Mashamba

Wazee na ndugu zetu, twapenda kusema nanyi habari za makampuni madogo yatafutayo mafuta chini ya ardhi. Kutafuta si kupata. Huko Butiaba, Unyoro, katika nchi ya Uganda, kisima kilichimbwa mwaka 1938, wala hakikuleta faida. Hata mwaka 2006 ndipo kampuni ndogo ya Australia, jina lake Hardman, ilipoyapata mafuta ya kufaa biashara mahali paitwapo Mputa, karibu na Ziwa Albert. Ni miaka 68!

Basi mwenye shamba asiuze kwa uvumi, wala asitupe jembe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema mafuta ni ya Serikali. Lakini shamba halitwaliwi kabla ya fidia ya haki kulipwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.