Seramiki Zisizo na Risasi

Kichwa cha mashine ya ultrasaundi kina kipande cha seramiki kinachogeuza umeme kuwa mtetemo, na mtetemo kuwa umeme. Kwa kawaida ni seramiki iitwayo PZT, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Sheria ya Umoja wa Ulaya bado inairuhusu kwa msamaha maalumu. Msamaha huo haufai kuwa wa kudumu.

Mbadala wenye matumaini ni mchanganyiko wa oksidi za potasiamu, sodiamu na niobi. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walitengeneza aina yake iliyokaribia uwezo wa PZT. Ugumu uko katika utengenezaji. Kaboneti ya potasiamu, mojawapo ya malighafi, hunyonya unyevu wa hewa, hivyo isipokaushwa kwanza, vipimo hupotoka. Unga husagwa, hushindiliwa kuwa vidonge, kisha huchomwa kwenye takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi. Joto likizidi, potasiamu na sodiamu huvukiza, na kidonge huanza kuvujisha umeme.

Seramiki nyingine isiyo na risasi, oksidi ya bismathi na chuma, huunganisha mpangilio wa umeme na wa sumaku hata katika joto la chumbani. Usumaku wake ni hafifu, kwa kuwa atomi jirani za chuma huelekeza sumaku zao pande zinazopingana, zikakaribia kufutana.