Kibao cha Nyumba: Bati, Mbao au Ukuta?



Leo tunazungumzia kibao cha nyumba au parseli hapa Uvira. Kabla ya kumwita fundi, jiulize: tangazo litakaa muda gani? Kama unatafuta mpangaji, ubao wa tripleksi uliopakwa rangi ya mafuta unatosha. Katoni usijaribu, mvua moja tu, maandishi kwisha.

Lakini onyo la "Parseli hii haiuzwi" linakaa miaka. Hapo chukua bati. Tena sikiliza vizuri: toboa matundu ya misumari kwanza, halafu paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, matundu na kingo pia. Mafundi wengi hupaka upande wa mbele tu, na kutu huanzia nyuma, pale unyevu wa Ziwa Tanganyika unapojificha. Herufi zifikie ukubwa wa kiganja, mtu wa pikipiki aweze kusoma.

Na kama una ukuta wa matofali, mimi naona andika hapo hapo. Ukuta hauibiwi. Ila usiandike chini: mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, yalionyesha maji hupanda kiasi gani.

Nawe mnunuzi, kibao si hati. Kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako juu ya parseli huthibitishwa na cheti cha usajili. Usimpe komisioneri (dalali) hata faranga kabla hujakihakikisha kwenye ofisi ya hati za ardhi.