Askari Walioshuka Mtoni Yordani

Dominika ya Tatu ya Majilio, Mwaka C
Injili: Luka 3:10-18



Wapendwa wasikilizaji, Dominika moja baada ya Misa, mama mmoja wa parokia alinisubiri mlangoni pa sakristia. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne, naye alikuwa amepeleka maombi ya kujiunga na Jeshi la Polisi. "Padre," akaniambia, "mkataze. Mtoto huyu nimemlea katika Utoto Mtakatifu, ametumikia altareni. Huko ataharibika." Juma lilelile mzee mmoja wa Jumuiya yetu akaniletea habari ya kijana huyohuyo, lakini yeye kwa furaha: "Padre, sasa nasi tutakuwa na mtu wetu kituoni."

Niliyatafakari maneno ya watu hao wawili kwa siku nyingi. Mama aliiogopa kazi ile, mzee aliitamani. Hata hivyo walikubaliana katika jambo moja: wote wawili waliamini kwamba upolisi hauwezi kufanywa kwa haki. Mmoja alililia jambo hilo, mwingine alilipigia hesabu.

Ndugu zangu, Injili ya leo inatuletea watu wa kazi iliyo karibu sana na hiyo. Siku zile hapakuwa na jeshi la polisi kama tulijuavyo sisi. Kukamata watu, kuwalinda wafungwa na kutuliza ghasia vilikuwa mikononi mwa askari. Basi askari kadhaa walishuka mtoni Yordani pamoja na makutano, wakamwuliza Yohane Mbatizaji nao wafanye nini. Yamkini wengi waliosimama pale walitazamia awafukuze, au awaamuru watupe silaha zao majini. Yohane hakufanya hivyo. Hakuwaambia waiache kazi. Aliwaambia waifanye namna gani. Akawapa maneno matatu.

Neno la kwanza: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu. Katika lugha ya Kigiriki, ambayo Luka aliandikia Injili yake, neno hilo lina maana ya kumtikisa mtu kwa ukali, kama mtu autikisavyo mwembe mpaka maembe yaanguke. Nani kati yetu hajaona mtikiso huo? Dereva anasimamishwa barabarani, leseni yake inageuzwageuzwa, muda unapita, abiria wananung'unika, mpaka noti idondoke. Mjane anafika kituoni kumwekea mwanawe dhamana, anaambiwa karatasi zimekwisha. Dhamana ya polisi hailipiwi, wapendwa. Anayemdai mjane fedha kwa ajili yake ameutikisa mti usio wake.

Neno la pili: wasimshitaki mtu kwa uongo. Sisi tuna neno letu kwa dhambi hiyo: kumbambikia mtu kesi. Luka anatumia neno hilohilo la Kigiriki mara nyingine moja tu katika Injili yake, nalo limo kinywani mwa Zakayo, aliposimama mbele ya Bwana na kuahidi kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu. Tazameni basi uzito wa neno hilo: fedha iliyotikiswa yaweza kurudishwa, hata mara nne. Lakini mtu aliyebambikiwa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo kwa sheria zetu halina dhamana, anaweza kukaa mahabusu miaka. Wanawe wanaacha shule, shamba linaota magugu, mama yake anafariki asimzike. Ni nani atakayemrudishia miaka hiyo mara nne? Katiba yetu, katika Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia yake haijathibitishwa. Inakataza pia mtu yeyote kuteswa. Kalamu ya polisi anayeandika maelezo ya shahidi ni silaha kuliko bunduki yake. Na wengi waliouawa na kalamu hiyo bado wanatembea.

Neno la tatu: waridhike na mshahara wao. Hapa naomba tuwe waangalifu, maana neno hili limetumiwa vibaya na watu walioshiba. Mwaka 1996 Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa kuchunguza kero ya rushwa nchini mwetu, ilitofautisha wala rushwa wa aina mbili: wale wanaoipokea kwa sababu kipato chao hakiwatoshi kuishi, na wale wanaoila kwa uroho wa kujilimbikizia mali. Yohane anawakemea wote wawili, lakini Maandiko hayanyamazi juu ya anayemnyima mfanyakazi ujira wake. Anayetaka askari aridhike na mshahara ana wajibu wa kuutazama mshahara huo, na nyumba anamolala askari huyo na watoto wake. Hata hivyo, ndugu askari unayenisikiliza, neno alilolitumia Yohane kwa mshahara lilikuwa la posho ya askari. Na Mtakatifu Paulo analitumia neno lilelile anapowaambia Warumi kwamba dhambi nayo ina ujira wake, nao ni mauti. Basi kila askari ana waajiri wawili wanaomwita, na kila mmoja hulipa. Chagua utakaposaini.

Labda mtasema: Padre, maneno hayo ni mazuri mimbarini, lakini je, yupo aliyeyaishi? Yupo. Nchini Italia, mwezi Septemba 1943, wakati wa vita, palikuwa na kijana wa miaka 22 aitwaye Salvo D'Acquisto. Alikuwa askari wa Carabinieri, kikosi kinachofanya kazi ya polisi nchini humo, akiongoza kituo kidogo karibu na Roma. Mlipuko ukatokea katika mnara wa kale mahali paitwapo Palidoro, na askari wa Kijerumani wakapoteza maisha. Wajerumani wakawakamata raia 22 wasio na kosa, wakawachimbisha shimo la kaburi lao wenyewe. Salvo alijaribu kuwaeleza kwamba hapakuwa na mkosaji, wasimsikilize. Ndipo akasema kwamba yeye peke yake ndiye mwenye hatia. Raia wale wakaachiliwa. Yeye akapigwa risasi, siku ile ya 23 Septemba.

Tafakarini jambo hili. Yuko askari anayemtwika mtu asiye na hatia kosa lisilo lake, ili yeye apate fedha au cheo. Na yuko askari aliyejitwika kosa lisilo lake, ili wasio na hatia warudi nyumbani kwao. Wote wawili walivaa sare. Huyo wa pili alimfanana Yule tunayemngojea katika Majilio haya, aliyebeba makosa yetu ingawa hakuwa na kosa.

Turudi kwa kijana wetu. Sikumkataza. Nilimsomea maneno matatu ya Yohane, nikambariki mbele ya mama yake, akaenda kwenye Shule ya Polisi kule Moshi. Miaka michache baadaye mjukuu wa yule mzee alikamatwa kwa wizi wa baiskeli katika mji alikopangiwa kijana huyo. Mzee akafunga safari, akiwa na bahasha mfukoni. Kijana alimwamkia kwa heshima, akampa kiti, akamwambia: "Babu, hiyo bahasha rudi nayo nyumbani. Tafuta mdhamini mwaminifu mwenye barua ya serikali ya mtaa, na mjukuu wako atatoka leo kwa haki yake. Ila kesi itaendelea." Mjukuu alitoka jioni ile. Lakini mzee alirudi kijijini akilalamika kwamba mtoto amewasahau watu wake.

Wapendwa, kijana yule hakuwasahau watu wake. Sisi ndio tuliosahau tulimtuma kufanya nini. Kila noti inayopokelewa imetolewa na mkono, na mara nyingi ni mkono uliopiga ishara ya msalaba asubuhi hiyo. Makatekista, mnapowaandaa vijana kwa Kipaimara, wafundisheni maneno haya matatu kabla hawajavaa sare yoyote. Wazazi, msiwatume watoto wenu kazini ili wakawe "watu wetu", wala msiwanunulie nafasi, kwa maana aliyeingia kwa bahasha atadai bahasha. Nanyi askari mnaojitahidi kuwa waaminifu mkiwa peke yenu usiku, barabarani na kaunta, jueni kwamba Kanisa halioni haya kuwaita wanawe.

Ee Bwana, uliye hakimu wa haki, uwalinde wanaotulinda, wasimtikise maskini, wasimzulie asiye na kosa, wasikose mkate wao wa kila siku. Nasi utuondolee bahasha mikononi, tupate kukupokea kwa mikono mitupu. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema.